Cambridge: Chuo Kilichokuwa na Jela ya Wanawake

Desemba 1891, msichana wa miaka 17 aitwaye Daisy Hopkins alikamatwa usiku mtaani mjini Cambridge, Uingereza. Aliyemkamata hakuwa polisi. Alikuwa prokta, yaani mwalimu wa chuo kikuu aliyepewa zamu ya kusimamia nidhamu, ametinga joho, nyuma yake wasaidizi wa miraba minne ambao wanafunzi waliwaita mabuldogi. Wakampeleka kwenye jela ya chuo. Ndiyo, chuo kilikuwa na jela. Makamu Mkuu wa Chuo akaisikiliza kesi humohumo jelani, milango imefungwa, akampa siku 14. Kosa lake: alikuwa akitembea na mwanachuo.

Basi. Kutembea.

Wanawake wa Cambridge wakitajwa, wengi wetu tunakimbilia Girton na Newnham, vyuo vya kwanza vya wasichana, kisha tunawataja wanasayansi waliopita pale, kisha tunafika 1948, mwaka ambao hatimaye walipewa shahada. Hadithi hiyo ni ya kweli, nami naipenda. Tatizo lake inaanzia mlangoni pa chuo, kana kwamba kabla ya hapo mji mzima ulikuwa wa wanaume na wanawake wake walikuwa vivuli tu vya kufagia ngazi. Mimi ningeianzia mtaani, pale alipokamatwa Daisy. Chuo kilichokataa kumpa mwanamke shahada ndicho hichohicho kilichokuwa na haki ya kumfunga, na kukataa kule na kufunga kule kulitoka kwenye mfuko mmoja.

Haki yenyewe ilikuwa ya kale. Mwaka 1561 Malkia Elizabeth wa Kwanza, mwanamke, alikipa chuo hati ya kuwasaka na kuwaadhibu mjini na vitongojini wanawake walioshukiwa kuwa malaya, pamoja na wazururaji. Neno zito hapo ni "walioshukiwa". Si waliokutwa, si waliothibitishwa. Jela ilikuja baadaye. Thomas Hobson, tajiri wa kusafirisha mizigo na kukodisha farasi aliyefariki 1631, aliacha mali ijengwe nyumba ya kuwapa maskini kazi ya kusokota nyuzi. Ndiyo maana iliitwa Spinning House, nyumba ya kusokotea. Sadaka ya maskini ikageuka taratibu kuwa kifungo cha binti wa maskini.

Kuelewa kwa nini chuo kiliwaogopa wanawake kiasi hicho, itazame Cambridge ya zamani ilivyokuwa. Katikati ya mji mdogo kulikuwa na majumba ya mawe yenye mageti, yaani vile vyuo vidogo vinavyounda chuo kikuu, ndani yake vijana wa kiume wa nyumba zenye uwezo, wakifundishwa na wanaume ambao wengi wao walikatazwa kuoa. Mwalimu mwenye nafasi ya kudumu chuoni akioa, nafasi imekwenda. Wakuu wa vyuo ndio walioruhusiwa kuwa na wake. Kizuizi hicho kilianza kulegea miaka ya 1860, na kanuni mpya za 1882 zikakiondoa karibu kabisa. Kwa hiyo kwa karne kadhaa hapakuwa na nafasi ya heshima ya mke wala mama ndani ya maisha ya chuo. Mwanamke aliyeonekana jioni karibu na geti alihesabiwa kuwa kishawishi kinachotembea.

Lakini ajabu ni kwamba majumba yale hayakuweza kukaa hata siku moja bila wanawake. Nani aliwasha moto vyumbani asubuhi ya baridi? Nani alimwaga maji machafu, akatandika vitanda, akafua mashuka ya mamia ya vijana? Wahudumu wa vyumba waliitwa bedder, watu wa vitanda, na jina hilo lipo hadi leo. Mji una mzaha wa miaka mingi kwamba sharti la kuipata kazi hiyo lilikuwa uzee na sura isiyotamanika. Ni mzaha, lakini unakuonyesha mtungaji wake alikuwa anawaza nini. Madobi nao walikuwa na uchumi wao mzima, uliopanda na kushuka kwa kalenda ya chuo: muhula ukianza kuna pesa, likizo ikifika kuna njaa.

Mwenye kunisisimua zaidi ni mama mwenye nyumba ya kupangisha. Wanafunzi waliokosa vyumba ndani ya vyuo walilala mjini, kwenye nyumba zenye leseni ya chuo. Wengi wa wenye nyumba hizo walikuwa wanawake, na ndani ya leseni kulikuwa na kazi ya ulinzi. Mama alitakiwa kufunga mlango saa nne usiku na kuandika mwanafunzi aliyechelewa aliingia saa ngapi. Akimfichia kijana, leseni inaondoka, na leseni ndiyo mkate wa watoto wake. Kwa namna hiyo chuo kilimwajiri mwanamke mmoja bila mshahara awe askari wake, huku kikimkamata mwenzake nje ya mlango uleule. Mwanamke wa mji ule alikuwa mlinzi ama mshukiwa, na hakuna hata siku moja aliyoulizwa angependa kuwa nani.

Walioingia Spinning House walikuwa wengi. Idadi ya ukamataji ilifika maelfu katika karne ya 19 peke yake. Mmoja wao, Elizabeth Howe, alikamatwa Novemba 1846 akiwa na miaka 19. Usiku ulikuwa wa baridi, akalazwa kwenye kitanda chenye unyevunyevu, akatoka na homa. Kabla ya Krismasi alikuwa amekufa. Baraza lililochunguza kifo chake liliulaumu unyevu wa kile kitanda na kuilalamikia hadharani sheria iliyomfikisha pale. Sheria ikabaki.

Mwaka 1860 maprokta walisimamisha gari la farasi lililokuwa likipeleka wasichana na wanafunzi kwenye karamu nje ya mji. Wasichana wakaishia jela. Emma Kemp, mshona nguo, hakukubali. Alimshitaki Makamu Mkuu wa Chuo mwenyewe, na kwa fundi cherehani wa enzi ile huo ulikuwa ujasiri wa kutisha. Mahakama ikasema Makamu Mkuu alikuwa akitenda kama hakimu, na hakimu hashitakiwi kwa hukumu yake. Hapo kiinimacho kikakamilika: chuo kilikuwa mkamataji, mlalamikaji na hakimu kwa wakati mmoja.

Kwa Daisy Hopkins mambo yalikwenda tofauti kidogo. Mapema mwaka huohuo wa 1891, msichana mwingine wa miaka 17, Jane Elsden, alikuwa ametoroka Spinning House, na kesi yake ikaandikwa magazetini nchi nzima, kwa hiyo watu walikuwa macho. Kesi ya Daisy ikapelekwa London, majaji wakasema waziwazi kwamba kutembea na mwanachuo si kosa kwa sheria yoyote. Akaachiwa. Alipojaribu kumdai fidia prokta aliyemkamata, akashindwa. Lakini aibu ilikuwa imeshasambaa. Baraza la mji, lililokuwa likinuna kwa miaka mingi kwamba chuo kinalitawala, likaipata nafasi yake, na mwaka 1894 sheria ya Bunge ikaondoa mamlaka ya chuo juu ya wanawake wa Cambridge. Spinning House ikabomolewa, pakajengwa kituo cha polisi.

Kumbuka mwaka huo, 1894. Ilikuwa imepita miaka 25 tangu Emily Davies afungue na wasichana watano chuo ambacho baadaye kilihamia kijiji cha Girton, maili chache kutoka mjini. Miaka 23 tangu Anne Jemima Clough awapokee wengine watano katika nyumba ya kupanga iliyokuja kuwa Newnham. Miaka minne tangu Philippa Fawcett ashangaze dunia. Kwa maneno mengine, mji uleule ulikuwa na msichana anayewashinda wanaume wote hisabati, na mwingine anayefungwa kwa kutembea, ndani ya miaka miwili. Tumezoea kuwaweka kwenye vitabu tofauti.

Kuna mtu mmoja, hata hivyo, aliyeziona hadithi hizi kuwa moja. Josephine Butler tunamkumbuka kwa vita vyake dhidi ya sheria za magonjwa ya zinaa, zilizowapa polisi wa miji ya bandari na kambi haki ya kumkamata na kumpima kwa nguvu mwanamke yeyote waliyemshuku. Sheria zile zilifutwa 1886. Kinachosahaulika ni kwamba kabla ya hapo Butler alikuwa mwenyekiti wa baraza la kaskazini mwa Uingereza la kudai elimu ya juu ya wanawake, na katibu wake alikuwa Clough huyohuyo wa Newnham. Mwaka 1868 alipeleka Cambridge maombi yaliyosainiwa na mamia ya wanawake, wakidai mtihani wa wasichana waliovuka miaka 18, na chuo kikaukubali. Kwake yeye, mwalimu wa kike asiye na cheti na binti aliyekamatwa barabarani walikuwa na shida moja: wanaume walikuwa wamejipa haki ya kuamua mwili wake na akili yake viende wapi.

Nikisema mtihani, wasomaji wenye umri wangu wataelewa. Mjomba wangu alikuwa na cheti chake cha Cambridge kwenye fremu, juu ya redio, na mgeni hakuondoka bila kuonyeshwa. Wengi wa kizazi chake katika Afrika Mashariki waliufanya mtihani uliosahihishwa na watu wasiowajua, ng'ambo ya bahari. Mlango wa mitihani ile ya shule kwa wasichana ulifunguliwa na Emily Davies mwaka 1863, kwa majaribio. Walifanya wasichana 83, na wengi wakaanguka hesabu. Hawakuwa wajinga, hakuna aliyekuwa amewafundisha. Shule zikaamka. Miaka 27 baadaye Fawcett akafanya mtihani wa hisabati wa Cambridge, ule ambao mshindi wake huitwa Senior Wrangler, na jina lake likasomwa kwa maneno ambayo hayakuwahi kusomwa: juu ya Senior Wrangler. Shangwe zilitikisa ukumbi. Wa kwanza katika orodha alikuwa mwanaume, kwa sababu jina la mwanamke halikuruhusiwa kuwa ndani ya orodha yenyewe.

Walivyofanya mtihani hao wa mwanzo kunastahili kusimuliwa. Mary Paley, mmoja wa wale watano wa Newnham, alikaa kwenye mtihani wa Tripos, ule wa shahada, mwaka 1874 sebuleni kwa mtu. Hakuruhusiwa kuingia Senate House, jengo la sherehe la chuo. Maswali yalitoka huko yakiwa mikononi mwa walimu waliowaunga mkono wasichana, nao wakakimbia nayo mitaani hadi kwenye ile nyumba, kama matarishi. Watahiniwa walikuwa wawili tu. Wasahihishaji wanne wakagawanyika: wawili wakampa daraja la kwanza, wawili la pili, na hapakuwa na mwenyekiti wa kuamua. Akabaki hivyo, katikati ya mbingu na ardhi.

Mary akafundisha uchumi, akaolewa na Alfred Marshall, mmoja wa wale waliokuwa wakikimbia na maswali. Wakaandika pamoja kitabu cha uchumi kilichotoka 1879. Ungedhani mume huyo angekuwa wa kwanza kunyoosha mkono suala la shahada lilipoletwa kupigiwa kura. Alikuwa mstari wa mbele, lakini upande wa kupinga. Mke wake hakubishana naye hadharani. Alfred alipofariki mwaka 1924, Mary alihamia kwenye maktaba iliyobeba jina la mumewe na kuitunza kwa miaka 20, akienda kwa baiskeli mpaka uzee ulipomkatalia. Alikufa 1944. Miaka minne tu angengoja.

Sasa kwa nini walikataa? Wasichana walikuwa wanafundishwa, na tangu 1881 walikuwa wanafanya mitihani kwa idhini rasmi. Hoja kwamba akili zao ni ndogo iliishia kwa Fawcett. Hapa ndipo uchambuzi mwingi unapoteleza kwa kuona chuki tu, ilhali palikuwa na hesabu. Shahada ya Cambridge haikuwa karatasi ya kuombea kazi. Mwenye shahada ya uzamili alikuwa mwanachama wa chuo maisha yake yote, na mwanachama alipiga kura: juu ya kanuni, juu ya fedha, hata juu ya wabunge wawili ambao chuo kiliwapeleka Bungeni hadi katikati ya karne ya 20. Chuo hichohicho, kumbuka, kilishakuwa na jela na mahakama. Kumpa mwanamke shahada kulimaanisha kumpa mkono kwenye usukani. Kumfundisha hakukuwa na hatari hiyo, tena alilipa ada.

Ndiyo maana Mei 1897 treni maalumu zililetwa kutoka London, zimejaa wachungaji na mawakili waliohitimu zamani, waje kupiga kura. Mkabala na Senate House wanafunzi walitundika dirishani sanamu la mwanamke amepanda baiskeli, amevaa suruali pana za michezo. Nyumba waliyoitundikia leo ni duka la vitabu la chuo. Waliopinga walizidi 1,700. Waliounga mkono hawakufika 700, ingawa kilichopigiwa kura kilikuwa jina tu la shahada, bila uanachama kamili. Usiku ule mayai, fataki, moto mkubwa sokoni, na umati ukaandamana hadi getini Newnham. Palikuwa pamefungwa.

Mwaka 1921 wakarudia, baada ya Oxford kukubali mwaka mmoja nyuma. Safari hii chuo kiliwapa wanawake cheo cha shahada bila haki zake: jina tu, danganya toto. Wanafunzi wa kiume wakasherehekea kwa kulivunja kwa mkokoteni geti la shaba la Newnham, lililowekwa kwa kumbukumbu ya Clough. Walichokuwa wanakilinda kwa mkokoteni sijawahi kukielewa, maana walikuwa wameshashinda.

Wakati chuo kinajifungia, wanawake walikuwa wanaingia kwenye serikali ya mji. Sheria iliwazuia wanawake wengi walioolewa kugombea udiwani kwa sababu nyumba zilihesabiwa kuwa za waume zao. Florence Ada Keynes, mwanafunzi wa zamani wa Newnham, alikuwa kati ya waliosukuma sheria hiyo ibadilishwe. Ikabadilishwa 1914, na mwaka uleule akawa diwani mwanamke wa kwanza wa Cambridge. Clara Rackham akafuata, akapigania wafanyakazi na maskini wa mji kwa miongo kadhaa. Eva Hartree akawa meya 1924, Keynes mwenyewe 1932. Maana yake ni kwamba mwanamke aliweza kuuongoza mji wa Cambridge miaka 24 kabla hajaweza kuwa na shahada kamili ya chuo cha mji huo. Florence leo anatambulishwa kama mama wa John Maynard Keynes, mchumi. Ingekuwa haki kidogo kumtambulisha kijana kama mtoto wa meya.

Na sisi? Desemba 1857 David Livingstone alihutubia ndani ya Senate House, akawaomba vijana wa Cambridge waje Afrika. Kutokana na wito ule ikazaliwa misheni ya vyuo vikuu, UMCA, iliyofika Zanzibar 1864. Vijana wa kiume ndio walioitwa, lakini shule ya wasichana Mbweni, iliyowapokea mabinti waliokombolewa utumwani, iliendeshwa kwa takriban robo karne na Caroline Thackeray, aliyeishi Zanzibar hadi kufa. Wito ulitoka kwenye jengo ambalo Mary Paley, miaka 17 baadaye, hakuruhusiwa kuingia kufanya mtihani wake. Tukipita Mbweni tunayatazama magofu na kuwakumbuka maaskofu.

Halafu kuna Makerere. Kaulimbiu yake ya mwanzo iliwahimiza wanafunzi wawe wanaume. Wasichana wa kwanza walipoingia mwaka 1945, kaulimbiu ikabidi ibadilishwe. Ninawaza kwamba kilima cha Kampala kilirekebisha maneno yake miaka mitatu kabla Cambridge haijarekebisha daftari lake, na hakuna aliyelazimika kuvunja geti.

Cambridge ilikubali mwishoni mwa 1947, bila mtu kupinga, na shahada ya kwanza mwaka 1948 ikaenda kwa malkia, mke wa Mfalme George wa Sita. Vyuo vya wanaume vilianza kupokea wasichana 1972. Cha mwisho kilikuwa Magdalene, 1988, na siku hiyo baadhi ya wanafunzi walivaa vitambaa vyeusi mikononi, kama waliofiwa. Mwaka 1998 wanawake karibu 900 waliosoma Cambridge kabla ya 1948 waliitwa warudi, wakaandamana hadi Senate House kusherehekewa. Wengi walikuwa vikongwe. Picha zao zinafurahisha.

Kwenye hifadhi ya nyaraka za chuo, lakini, kuna madaftari mengine ambayo hayakuwa na sherehe. Ni ya Spinning House. Makarani wa chuo wameandika humo kwa mwandiko mzuri, mstari kwa mstari, jina la kila msichana, siku aliyokamatwa na muda aliopewa. Elizabeth Howe yumo. Karne moja na ushei kabla ya 1948, chuo kilikuwa tayari kinaandika majina ya wanawake.